Kuvaa Kipimo cha Moyo Mchana na Usiku

Mwezi huu tuzungumze juu ya swali ambalo sisi wauguzi tunaulizwa mara nyingi kliniki: "Nesi, nimepimwa moyo, karatasi ikatoka, daktari akasema hauna tatizo. Mbona usiku unanienda mbio mpaka naketi kitandani?" Anayeuliza hivyo aghalabu hudhani kwamba ama mashine ilikosea, ama daktari hamwamini. Kwa kawaida si hivyo. Kipimo kilisema kweli juu ya muda kilioupima, na muda huo ulikuwa mfupi mno.

Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo, kile mnachosikia kikiitwa ECG, hunasa sekunde 10 hivi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, kwa hiyo katika sekunde 10 daktari huona mapigo kumi na kitu tu. Kwa siku nzima moyo huo huo hupiga mara 100,000 hivi. Ni sawa na mlinzi wa shamba anayechungulia mahindi mara moja saa sita mchana, kisha anakwenda kulala. Atasema shamba ni salama, na kweli saa sita mchana lilikuwa salama. Lakini nguruwe pori huja usiku wa manane.

Kwa shida za moyo zinazokuja na kuondoka kuna kipimo kingine. Ni kifaa kidogo, kingine sawa na simu ya kitochi, kingine kidogo zaidi. Mgonjwa hukivaa kifuani au kiunoni, akaenda nacho nyumbani, akala nacho, akafanya kazi nacho, akalala nacho, kisha akakirudisha hospitali. Wengi huvaa kwa saa 24, wengine kwa saa 48. Hospitalini mtakisikia kikiitwa Holter.

Jina hilo ni la mtu, Norman Holter (1914–1983), Mmarekani wa mji wa Helena katika jimbo la Montana. Hakuwa daktari, alikuwa mtaalamu wa fizikia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitengeneza mtambo wa kunasa umeme wa moyo wa mtu akiwa katika shughuli zake. Mtambo ule ulibebwa mgongoni, na uzito wake ulikuwa kilo 38 hivi, karibu sawa na ndoo mbili za maji za lita 20. Mwaka 1961 aliieleza njia yake katika jarida la Science, na tangu hapo kifaa kimezidi kuwa kidogo. Huwa tunawasimulia hayo wagonjwa wanaolalamika kwamba nyaya zinawasumbua usiku.

UMEME UNATOKA KWAKO

Wapo wanaokataa kipimo hiki kwa kuogopa kupigwa shoti. Yafaa tuelewane hapa. Kifaa hakitii umeme mwilini. Moyo wenyewe una umeme wake, mdogo sana, unaoanzia chumba cha juu upande wa kulia, ukasambaa mpaka vyumba vya chini, na kila unapopita misuli hujikaza na damu husukumwa. Umeme huo hufika mpaka kwenye ngozi ya kifua, na vibandiko huupokea hapo. Kifaa kinasikiliza tu. Mama mjamzito aweza kukivaa, anayenyonyesha aweza kukivaa, mtoto mdogo pia, na mzee wa miaka 90.

NANI HUPELEKWA

Daktari humpeleka mtu mwenye moyo unaokwenda mbio bila sababu, au unaoruka pigo. Mwenye kizunguzungu kisichoeleweka. Aliyepata kiharusi na chanzo hakijaonekana. Au anayetumia dawa za moyo na daktari anataka kujua kama zinamtosha. Makundi mawili tungependa kuyasemea zaidi, kwa sababu tunayaona sana katika parokia zetu.

La kwanza ni la wale ambao utotoni waliugua mafindofindo mara kwa mara bila tiba kamili. Kwa baadhi yao ugonjwa ule huacha makovu kwenye milango ya moyo. Miaka inapita, mtoto anakuwa mama wa watoto wanne, ndipo anaanza kuchoka na kusikia kifua kikipapatika. Moyo wa namna hiyo waweza kupoteza mpangilio wake, vyumba vya juu vikatetemeka badala ya kusukuma, damu ikatuama na kuganda. Donge likitoka likaenda kwenye ubongo, huo ni kiharusi. Hali hii mara nyingine huja kwa saa chache na kuondoka, na mgonjwa akifika hospitali mapigo yameshatulia. Ikinaswa mapema kuna dawa za kuzuia damu kuganda, na mama huyo ataendelea kutumia mikono yake yote miwili.

Kundi la pili ni la wanaoanguka. Moyo ukisimama kwa sekunde kadhaa, ubongo hukosa damu, mtu huanguka, na pengine mikono na miguu hutikisika. Wanaomwona husema ana kifafa, au ana mapepo, au amerogwa na shemeji. Tuliwahi kumpokea kijana fundi baiskeli aliyekuwa ameanguka kwa miaka kadhaa, na ukoo mzima ulikuwa umekwisha gawanyika juu ya nani aliyemtenda. Kipimo cha usiku mmoja kilionyesha moyo wake ukinyamaza mara kadhaa. Aliwekewa betri ya moyo, na anaendelea na kazi yake. Hatusemi kwamba kila anayeanguka ana ugonjwa wa moyo. Kifafa kipo kweli, na anayetumia dawa za kifafa asiziache kwa sababu ya kusoma ukurasa huu. Tunachosema ni kwamba mtu anayeanguka mara kwa mara anastahili kupimwa moyo pia, hasa kama hugeuka kijivu kabla ya kuanguka, au huanguka akiwa katika kazi nzito, au kama katika familia yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Hapa Tanzania si kila hospitali ya wilaya au ya misheni ina kifaa hiki. Mara nyingi mgonjwa hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, na wengine hufika hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

KABLA YA SAFARI

Kwanza uliza bei, na kama una bima uliza kama italipia, kwa sababu ni aibu na hasara kufika dirishani na kurudishwa. Pili, fahamu kwamba utakwenda mara mbili: kufungwa na kufunguliwa. Anayetoka mbali apange mapema atalala wapi. Na hapa tuna neno. Mgonjwa aliyefikia nyumba ya wageni mjini, akajilaza saa 24 akitazama dari, amepima moyo wa mtu aliyelala. Siku hiyo si siku yake ya kawaida, na shida yake huenda isijitokeze. Ni afadhali kufikia kwa ndugu, ukasaidia kazi za pale, ukaenda sokoni kwa miguu, ukapanda ngazi. Kama nyumbani ni mwendo wa saa mbili tatu kwa basi, uliza kama waweza kurudi nyumbani na kifaa, wengi huruhusiwa.

Asubuhi ya kwenda, oga vizuri kwa maji na sabuni, kwa sababu hutaoga tena mpaka kifaa kitolewe. Baada ya kuoga usijipake kitu chochote kifuani: si mafuta ya mgando, si mafuta ya nazi, si losheni, si poda. Tunajua ni vigumu kwa mama wa Kiswahili kutoka nyumbani ngozi ikiwa kavu. Jipake miguuni na mikononi upendavyo, kifua ukiache. Kibandiko juu ya mafuta hakikai, na kisipokaa mashine inanasa makelele badala ya moyo. Wanaume wenye nywele kifuani wasijinyoe nyumbani kwa wembe wa jana. Muuguzi atanyoa sehemu ndogo zinazohitajika kwa wembe mpya.

Vaa nguo pana inayofunguka kwa vifungo mbele, ya pamba ikiwezekana, maana hiyo inavumilika katika jasho. Gauni la kuvutwa kichwani litawapa shida ninyi na muuguzi. Sidiria inaruhusiwa. Mikufu, rozari ya shingoni na medali viwekwe mfukoni kwa siku hiyo, kwa sababu vikiningʼinia hugonga vibandiko na kuvuta nyaya.

Juu ya dawa watu hukosea sana. Usiache dawa zako ili "moyo uonekane ulivyo". Vipo vidonge vya presha na vya moyo ambavyo kuviacha ghafla ni hatari, na mara nyingi daktari anataka kuona moyo wako ukiwa ndani ya dawa. Endelea kama kawaida, isipokuwa kama yeye mwenyewe amekuambia uache, na akakutajia dawa gani na tangu lini. Chukua paketi zote uende nazo. Na mitishamba pia, wasomaji wapendwa. Tunajua mnaitumia. Ipo inayoathiri mapigo, na daktari hawezi kukisia kilichomo ndani ya chupa ya soda iliyobaki jikoni.

Kama plasta huwa zinakuletea vipele, sema kabla ya kubandikwa.

UNAPOFUNGWA

Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa au pungufu. Kwa akina mama, una haki ya kuomba muuguzi wa kike na pazia lifungwe. Usione haya kuomba. Ngozi husuguliwa kwa pamba na spiriti, pengine na kitambaa kikavu chenye kukwaruza kidogo, ili vibandiko vishike. Hubandikwa kadhaa, idadi hutegemea aina ya mashine, na kila kimoja hupokea waya wa rangi yake. Nyaya huingia kwenye kifaa, nacho huwekwa katika mkoba mdogo wa kuvaa shingoni au kwenye mkanda. Zipo pia aina mpya zisizo na nyaya, kibandiko kimoja tu chenye kila kitu ndani, nazo huvaliwa kwa siku 7 au hata 14. Hizo nyingine hustahimili maji kidogo, lakini usikisie, uliza.

Kabla hujaondoka, mwombe muuguzi akuonyeshe kitufe cha kubonyeza unaposikia dalili, kama kifaa chako kinacho, na akupe namba ya simu ya kupiga kitu kikilegea. Omba pia karatasi ndogo yenye muhuri inayosema umevaa kipimo cha moyo. Mlango wa benki wenye ukaguzi, au ndani ya daladala jirani akiona nyaya zinatoka kolani, karatasi hiyo hupunguza maneno mengi.

DAFTARI NDILO NUSU YA KIPIMO

Hapa ndipo tungependa msome polepole. Kifaa kinajua moyo ulifanya nini kila sekunde, lakini hakijui wewe ulikuwa unafanya nini. Hakijui kama ulikuwa unapanda kilima na ndoo, au umeketi unachambua mchele. Moyo kupiga mara 130 kwa dakika mtu akipanda mlima ni jambo la kawaida. Kupiga 130 akichambua mchele si kawaida. Kwenye karatasi ya mashine vitu hivyo viwili vyaweza kufanana. Anayevitenganisha ni wewe, kwa daftari lako.

Mara nyingi daftari hurudi likiwa na maneno matatu: "Moyo. Kizunguzungu. Nafuu." Daktari hawezi kulitumia. Daftari zuri halihitaji Kiswahili cha shule; linahitaji saa, ulichokuwa unafanya, ulichosikia, na kilidumu muda gani. Kwa mfano:

Saa 1:20 asubuhi. Nimemeza vidonge vya presha, nimekunywa chai.
Saa 4:05 asubuhi. Natoka kisimani na ndoo, napanda. Moyo unakimbia, pumzi fupi. Nimesimama dakika 5, umetulia.
Saa 8:30 mchana. Nimelala kidogo.
Saa 2:15 usiku. Nimeketi nasikiliza redio. Moyo umepapatika kama samaki, kisha macho yameingia giza. Dakika 1. Nimebonyeza kitufe.
Saa 8:00 usiku. Nimeamka ghafla, jasho, moyo mbio. Sijui nimeamshwa na nini.

Mstari wa nne katika mfano huo unaweza kubadili tiba ya mtu, na umeandikwa kwa maneno machache tu.

Andikeni kweli. Kahawa, sigara, vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda hunywa usiku, pombe ya kienyeji, ugomvi na jirani, tendo la ndoa, vyote huugusa moyo na vyote vina nafasi yake katika daftari. Daftari hili halipelekwi kwa Paroko wala kwa Mwenyekiti wa Jumuiya. Linasomwa na mtu mmoja anayetafuta sababu.

Asiyejua kuandika asiogope. Mtoto wa darasa la tano aweza kuwa karani wa bibi yake kwa siku moja, na wengi huifanya kazi hiyo kwa fahari kubwa. Bibi aseme, mjukuu aandike, na atazame saa yeye mwenyewe.

SAA IPI?

Jambo hili tunalikuta sana, na halimo katika vijitabu vinavyokuja na mashine, kwa sababu vimeandikwa na watu wasiojua saa zetu. Mashine huhesabu saa kwa mtindo wa kizungu, kuanzia usiku wa manane, 00:00 hadi 23:59. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Sasa mgonjwa anapoandika "saa 3" bila neno jingine, ana maana gani? Yaweza kuwa saa 3 asubuhi, ambayo kwa mashine ni 09:00. Yaweza kuwa saa 3 usiku, yaani 21:00. Na kama amesoma kwenye simu yake, yaweza kuwa 03:00, yaani saa 9 usiku. Msomaji wa kipimo akiangalia mahali pasipo, atakuta moyo umetulia tuli, na dalili iliyokutoa machozi itahesabiwa kuwa haikuambatana na kitu.

Dawa yake ni rahisi. Juu ya ukurasa wa kwanza andika "Saa za Kiswahili" au "Saa za simu", na ushike mtindo huo huo mpaka mwisho. Baada ya namba usikose kuandika asubuhi, mchana, jioni au usiku. Unapofungwa kifaa, linganisha saa yako na saa ya mashine, dakika kwa dakika. Saa ya ukutani iliyo nyuma kwa robo saa itaharibu kazi yote. Na kwa yanayotokea usiku andika "usiku wa kuamkia Jumatano" ili tarehe isipotee.

SIKU YENYEWE

Ishi kama unavyoishi. Nenda kazini, dukani, shambani, kanisani. Imba kwaya kama ni siku ya mazoezi, tena imba sauti yako yote kama ndiyo inayokupa kizunguzungu. Palizi ya kawaida inaruhusiwa, lakini kulima kutwa nzima juani kutakutoa jasho mpaka vibandiko vianguke. Fanya kazi uliyoizoea kwa kiasi, na pumzika kivulini. Kama kuna kazi fulani ambayo ndiyo huleta shida, muulize daktari kabla kama uifanye siku hiyo. Kwa mtu aliyewahi kuzimia, asiende peke yake mtoni, asiendeshe chombo, na asiachwe peke yake na moto wa jikoni.

Mtoto anayebebwa mgongoni ni tatizo dogo, kwa sababu kitenge cha kumfunga hupita juu ya vibandiko. Mwombeni dada au bibi ambebe kwa siku hiyo. Kunyonyesha kuendelee, ila mtoto wa miezi minane atavutiwa na nyaya kuliko ziwa, zifunikeni. Hali kadhalika kanga iliyofungwa kifuani husugua. Funga kiunoni.

Usioge, usiogelee, usinyeshewe. Jifute kwa kitambaa chenye maji mikononi, kwapani kwa uangalifu, miguuni na uso. Simu iwe mbali na kifaa, angalau sentimita 15. Hapo tunawasemea akina mama wanaoweka simu kwenye sidiria pamoja na noti. Kwa siku moja tafuteni mahali pengine. Usikae karibu na jenereta kubwa, mashine ya kuchomelea vyuma au mota ya mashine ya kusaga, kwa maana huingiza makelele katika kipimo. Usipigwe eksirei siku hiyo bila kuwaambia wahusika umevaa nini, na chumba cha kipimo cha sumaku usiingie nacho kabisa.

Kibandiko kikilegea, kikandamize pale pale. Kikianguka, kirudishe mahali pale pale, ukiweka plasta juu kama unayo, kisha andika saa. Usibadilishe waya wa rangi moja na mwingine. Kuwasha kidogo ni kawaida, usikune. Pakianza kutoa malengelenge au kuunguza, piga simu uliyopewa.

Usiku lala upande unaokufaa, huku mkoba ukiwa kando yako ndani ya chandarua. Wengine huogopa kwamba watakivunja. Ni kigumu kuliko mnavyodhani. Mapigo kushuka usingizini mpaka 50 au chini kidogo ni jambo tunaloliona kwa watu wazima wengi wenye afya, hasa wanaofanya kazi za nguvu, kwa hiyo mwenzi wako asikuamshe kila saa kukushika mkono.

HAKIMWITI DAKTARI

Neno moja la tahadhari, na mlisome kwa sauti nyumbani. Kifaa cha kawaida cha Holter kinaandika tu. Hakipigi simu, hakitumi taarifa hospitali, hakuna mtu anayekutazama upande wa pili. Tuliwahi kumwona mzee aliyevumilia maumivu ya kifua toka jioni hadi asubuhi akisema, "Si wananiona kwenye mashine?" Hakuna aliyekuwa anamwona. Ukipata maumivu ya kifua yanayobana na hayaondoki, ukizimia, ukikosa pumzi, au upande mmoja wa mwili ukilegea au mdomo kupinda, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, kifaa kikiwa kifuani. Usikivue, na usingoje muda wake uishe. Aliye karibu na mtu aliyezimia aangalie saa, atazame rangi ya uso na kama mwili unatikisika, kisha aandike. Hayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyajua.

KURUDISHA NA MAJIBU

Rudi siku na saa uliyoambiwa, na kila kitu ulichopewa: kifaa, nyaya, mkoba na daftari. Hospitali nyingi zina vifaa vichache, na nyuma yako yupo mtu aliyekwisha oga asubuhi hiyo bila kujipaka mafuta. Alama nyekundu za vibandiko huondoka kwa siku chache. Sasa oga, na mafuta ruksa.

Majibu hayatoki papo hapo. Mtaalamu hupitia mapigo yale kwa kompyuta, akalinganisha na daftari lako, na daktari akatoa maelezo baada ya siku kadhaa. Omba nakala ya maandishi uilete kwa daktari aliyekupa rufaa, kwa maana yeye ndiye atakayeendelea nawe.

Karibu kila mtu huonekana ana mapigo ya ziada machache, na hayo peke yake katika moyo mzima si ugonjwa. Na ikiwa majibu ni kwamba hakuna kilichoonekana, tazama daftari kwanza. Kama siku ile ulisikia dalili zako zile zile, ukaziandika, na moyo ukaonekana sawasawa wakati huo huo, hiyo ni habari njema. Daktari atatafuta chanzo mahali pengine, pengine upungufu wa damu, tezi la shingo au wasiwasi. Lakini kama siku ile dalili hazikuja kabisa, basi swali lako bado halijajibiwa. Mwambie daktari hivyo waziwazi. Anaweza kukuvalisha tena kwa siku 7 au 14, na kwa wanaoanguka mara moja moja tu kwa mwaka kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, kinachoweza kunasa kwa miaka miwili au mitatu.